Ndege Iliyotanguliza Mkia

Siku mliyoniaga pale hangarini mlinipa godoro, kitenge na mbuzi, na kabla sijasimama kushukuru, mbuzi alikuwa ameshatafuna karatasi ya hotuba yangu. Mkapiga makofi mkidhani nimefupisha kwa hiari. Sasa nimetulia hapa kwetu Mugango. Godoro ni zuri, mbuzi tulimla Pasaka, na yale niliyotaka kuwaambia bado ninayo. Nawaandikia ninyi mliobaki na spana mikononi. Habari za vyeo mtazipata kwa wanaozipenda.

Nilifika uwanja wa ndege wa Musoma nikitokea chuoni Dar es Salaam, nimevaa ovaroli mpya iliyopigwa pasi mpaka kwenye mifuko. Mtu wa kwanza kunisemesha alikuwa tajiri mmoja wa samaki aliyekuwa anasubiri ndege ya kwenda Mwanza. Akanitazama, akasema, "Binti, chai ya maziwa, sukari kidogo." Sikutaka ugomvi siku ya kwanza. Nikaenda kwa mama ntilie wa getini, nikamletea. Baadaye akaniona nimelala chali chini ya injini ya ndege ileile anayoisubiri. Akauliza, "Yule wa chai anafanya nini pale?" Wakamwambia ndiye fundi. Akaenda Mwanza kwa basi.

Mkuu wa mafundi alikuwa Mzee Rashidi, mwenyeji wa mjini Musoma, mjukuu wa mshona viatu aliyetokea Ujiji. Alivaaga baraghashia iliyochafuka oili upande mmoja tu, ule anaojikunia akifikiri. Alikuwa anagonga ndege kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua chungu sokoni, kisha anasikiliza. Pakilia vizuri anasonga mbele. Pakilia vibaya anasema, "Hapa pana maneno," na kweli tukifungua tunakuta kutu au ufa. Nati ikigoma hakuitukana. Aliiambia, "Tafadhali, mama," na mara nyingi ilifunguka. Nimejaribu njia hiyo miaka yote ya kazi. Nati zangu hazina adabu.

Sheria yake kubwa ilikuwa kwamba spana ikipotea, ndege hairuki mpaka ionekane. Mara moja tulizuia safari ya mheshimiwa mmoja kwa sababu ya spana ndogo. Tukafungua vifuniko, tukainua viti, mheshimiwa mwenyewe akavua koti akatusaidia kumulika. Ikaja kuonekana imechomekwa mgongoni, kwenye mkanda wa Mzee Rashidi. Akaishika, akaitazama, akasema, "Alhamdulillahi, haikwenda mbali." Mheshimiwa akavaa koti lake. Sheria ikabaki palepale.

Lakini kesi iliyonifundisha kuliko zote haikutoka kwenye ndege za kampuni. Ilitoka sebuleni kwa mtu.

Kapteni Wambura alikuwa rubani wetu kwa muda mrefu. Alipostaafu alirudi kwao Butiama kufuga, ila ng'ombe hawakumtosha. Siku moja akanipigia simu: "Fundi, njoo uone kitu. Usimwambie mtu." Nikamchukua Mzee Rashidi, ambaye naye alikuwa ameshastaafu, ila kila asubuhi alikuja hangarini na kiti chake cha plastiki kuangalia kama tunakosea.

Tulipokelewa na mke wa Kapteni, Mama Wakuru, mwanamke mrefu asiyepoteza maneno. "Karibuni," akasema. "Mkitaka kukaa vizuri, makochi yako kwenye banda la mbuzi. Ndani kuna mgonjwa wa Kapteni."

Ndani, kuanzia kabatini mpaka mlango wa chumba cha kulala, lilikuwa limelala bawa. Kapteni alilichonga kwa povu gumu la buluu, akalivisha faibaglasi na gundi alizozipata kwa mtengeneza maboti wa Bunda. Pembeni palikuwa na mwili wa ndege wa kukaa watu wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, na kwenye pua kumepachikwa bawa jingine, dogo, jembamba.

Mzee Rashidi akazunguka mara mbili. "Wambura," akasema, "umeweka mkia mbele."

"Si mkia, Mzee. Ni bawa. Ndege ya namna hii inaitwa kanadi. Ni Kifaransa, maana yake bata."

"Na injini iko wapi?"

"Nyuma."

"Na bata anajua?"

Kapteni hakukasirika. Alikuwa amesubiri miezi kumpata mtu wa kumweleza. "Mmewaona pale mwaloni Mwigobero wanaobeba sangara kwa mti begani, mmoja mbele mmoja nyuma? Sasa, ndege zetu za kawaida bawa linabeba peke yake, na mkia kazi yake ni kukandamiza chini ili pua isizame. Yaani mmoja anabeba, mwenzake anamkalia. Hii yangu wote wawili wanabeba."

"Na wakichoka?" nikauliza.

"Hapo ndipo utamu ulipo. Nimepanga wa mbele achoke kwanza. Mwendo ukipungua mno, bawa dogo linaishiwa nguvu ya kuinua kabla ya lile kubwa. Pua inashuka yenyewe kidogo, mwendo unarudi, bawa linashika hewa tena, safari inaendelea. Hata rubani akizubaa haimwangushi."

"Na wa nyuma akichoka kwanza?" akauliza Mzee Rashidi.

Kapteni akakohoa. "Hiyo tusiiombe."

Alikuwa sahihi kutoiomba. Bawa kubwa likitangulia kuishiwa, nyuma kunazama, pua inapanda, na ndege inashuka bapa kama sinia. Utavuta, utasukuma, haikusikii. Kwa hiyo yote yanategemea uzito umekaa wapi. Ukisogea nyuma kidogo tu, yule wa mbele anabeba kidogo, hachoki, na mzigo wote wa kuchoka unakwenda kwa mwenzake. Tena usalama huo una bei yake. Kwa kuwa bawa kubwa haliruhusiwi kufika mwisho wa nguvu zake, ndege ya hivyo inatua na mwendo mkali na inataka uwanja mrefu.

Mama Wakuru alikuwa mlangoni muda wote, anapeta ulezi. "Nani anasema iko salama?" akauliza.

"Nyangeta hapa," Kapteni akajibu, akinionyesha mimi. "Yeye atasaini, halafu mkaguzi, ndipo niruke."

"Basi nisikilize, mdogo wangu. Ukisaini, utapanda naye. Sitaki fundi wa kusaini halafu anabaki chini anapunga mkono."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ujenzi ulichukua muda. Siku za mapumziko nilikuwa napanda gari kwenda Butiama kupiga msasa, kupima kwa pimamaji na timazi, kukagua kila tabaka kabla halijafunikwa na jingine. Bawa la mbele linatakiwa liinuke kidogo kuliko la nyuma ili lifike mwisho wake mapema, na tofauti hiyo ndogo tuliipima mpaka Mama Wakuru akaanza kutusahihisha. Joto la mchana likizidi, gundi ilikuwa inaganda ndani ya kopo kabla hujachovya brashi. Siku moja ndevu za Kapteni ziligandia kwenye bawa. Mzee Rashidi akamkata kwa mkasi wa bati huku akimwambia, "Tafadhali, mama."

Bawa likamalizika, na halikupita mlangoni. Halikupita dirishani pia. "Nilisema dirisha dogo tangu tunajenga," Mama Wakuru akasema, akatuletea nyundo mwenyewe. Ukuta ukabomolewa. Tukapakia kila kitu kwenye lori kwenda Musoma, mwili wa ndege umefunikwa turubai na bawa dogo limechungulia nje. Pale Makutano trafiki akatusimamisha.

"Mmebeba nini?"

"Ndege," Kapteni akasema.

Trafiki akavua kofia. "Poleni sana. Imeanguka wapi?"

Tuliiunganisha hangarini kwetu. Ilikuwa na kawaida moja ya ajabu. Rubani akishuka, uzito wa injini unaivuta nyuma, kwa hiyo ukiiegesha unakunja gurudumu la mbele ili ikae imeinamisha pua chini. Mlinzi aliyeingia zamu hajaambiwa aliikuta hivyo, akamkimbilia meneja: "Bosi, ile ya Kapteni imepiga magoti. Nadhani imekata tamaa."

Kuipima uzito tuliazima mizani za wachuuzi wa sangara wa Mwigobero. Mizani zilifanya kazi vizuri ila zilikuja na harufu ya samaki, na paka wa mtaa mzima wakahamia hangarini. Tukaweka ndege juu, Kapteni akakaa kwenye kiti chake, nikapiga hesabu, nikarudia. Uzito ulikuwa nyuma mno. Ile aliyosema tusiiombe ilikuwa mezani kwangu imeandikwa kwa penseli.

"Tia kitu kwenye pua," akasema Mzee Rashidi kutoka kwenye kiti chake. "Kizito, kidogo, kisichocheza."

Wiki iliyofuata Kapteni alikuja na jiwe bapa, zito, laini upande mmoja, tena lililochimbika katikati vizuri kama limetengenezwa kwa kazi hiyo. Nikalifungia puani kwa mikanda na boliti. Hesabu zikakaa sawa. Sikuuliza limetoka wapi, kwa sababu mawe mkoani Mara hayana uhaba.

Kesho yake Mama Wakuru akashuka kwenye basi la Butiama na kuja moja kwa moja hangarini. "Jiwe langu la kusagia liko wapi?"

Kapteni akaanza kukagua tairi.

"Liko puani, dada," nikasema.

"Litoe."

"Dada, nikilitoa hairuki. Ikiruka bila hilo, itapanda pua juu na kushuka bapa, na yeye yuko ndani." Nikamweleza habari ya wabeba sangara, nani achoke kwanza, na kwa nini. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo jiwe la mama mkwe wangu ndilo linalomzuia huyu asife?"

"Kwa sasa, ndiyo."

Akamgeukia mumewe. "Baba Wakuru, mama yako amekufa na bado anakubeba. Liache. Ila leo unanitafutia lingine, na ulijaribu mwenyewe kabla hujalileta." Nasikia Kapteni alizunguka vilima vya Butiama na debe la ulezi, anasaga kwenye kila jiwe, watu wanamsalimia kwa upole mwingi.

Mkaguzi alikuja, akagonga, akapima, akasaini chini ya sahihi yangu. Tulifagia uwanja, maana propela ya nyuma inaokota kila kokoto linalorushwa na magurudumu. Kapteni akaruka peke yake, mara kadhaa, siku tofauti. Akapanda juu sana, akapunguza mwendo, na ndege ikafanya kama alivyosema sebuleni: ikainamisha pua kwa heshima, ikachukua mwendo, ikainuka. Watu wa Musoma wakaanza kuiita Bata. Ikabaki zamu yangu.

Mama Wakuru alikuja kuhakikisha. Alinifunga mkanda yeye mwenyewe.

Ilikuwa asubuhi shwari. Tukapita juu ya ghuba, tukashika pwani kuelekea kusini. Nakiri nilifurahi. Tulikuwa tumepita Nyegina, nimeanza kuutafuta ufukwe wa kwetu Mugango, Kapteni akasema kwenye spika, "Fundi, ule ni moshi wa nini?"

Ninyi mliokulia ziwani mnawajua wale wadudu wadogo wanaotokaga majini kwa mamilioni na kupanda angani kama moshi wa tanuru. Wageni hudhani meli inaungua. Kabla sijajibu, tulikuwa ndani yao. Sauti ilikuwa kama mtu anamwaga mchele juu ya bati. Kioo cha mbele kikaziba kote. Tukatokea upande wa pili, na pua ikainama.

Kapteni akavuta stiki ya kuongozea. Pua ikapanda kidogo, ikainama tena.

"Inazama, Nyangeta! Nimevuta karibu mpaka mwisho!"

Nikachungulia pembeni. Lile bawa jembamba la mbele lilikuwa kama limeota manyoya, limejaa wadudu waliopondeka ukingoni kote. "Bawa limechafuka!" nikapiga kelele. "Si laini tena!"

"Ndiyo maana! Hewa haishiki!" Nikasikia injini inapungua.

"Kapteni, usipunguze mwendo!"

"Sioni mbele! Mtu asiyeona anapunguza mwendo!"

"Hiyo ni gari!"

Injini ikanguruma tena. Mwendo ukaongezeka, bawa likapata cha kushika, pua ikakaa karibu na inapotakiwa. Maji yalikuwa chini yetu, karibu kuliko nilivyopenda. Sauti ya Kapteni ikawa ya mtu mwingine kabisa.

"Fundi, vioo vyako vya pembeni ni safi?"

"Safi."

"Basi wewe ndiye macho. Niambie."

Nikamwambia. Geuka kulia polepole. Bado. Bado. Sasa nyoosha. Kanisa la Nyegina liko kulia kwetu. Ghuba ile. Mitumbwi. Alifuata kila neno kama mtoto anayeshikwa mkono. Katikati akasema, "Na uombe."

"Sala gani?"

"Yoyote fupi."

Tulitua na mwendo ambao sitaki kuukumbuka. Aliona uwanja kupitia kipande cha kioo chenye ukubwa wa kiganja kilichosafishwa na upepo. Magurudumu yaligusa, yakaruka, yakagusa tena, uwanja ukaisha na sisi bado tunaenda. Tukaingia kwenye majani, tukapita kibanda cha mlinzi, tukasimama katikati ya kuku wake.

Nikasikia tok, tok, tok. Kuku walikuwa wamepanda kwenye bawa la mbele, wanakula.

Mzee Rashidi alikuja na kiti chake. Akapitisha kidole bawani, akakitazama, akajifuta. "Mchafu huyu," akasema, "lakini amewaleta." Mama Wakuru alikuwa nyuma yake. Alimtazama mumewe kwanza, muda mrefu, akamshika shavu, akalipiga kofi dogo. Halafu akaja kunifungua mkanda. "Kumbe umepanda kweli," akasema, akanishika mkono mpaka kivulini.

Hatukuiacha, kwa sababu tulishajua ugonjwa wake. Hewa inayopita juu ya bawa hilo ilitaka uso laini mno, na ikikuta wadudu au mvua inaachia mapema. Nikakata vipande vidogo vya aluminiamu, kila kimoja kama ukucha wa dole gumba, tukavibandika mshazari kwa mstari juu ya bawa la mbele ili vikoroge hewa iendelee kushika. Lakini ukilipa bawa la mbele nguvu nyingi mno, halichoki kwanza tena, na unarudi kule kusikoombwa. Tukawa tunaongeza vichache, Kapteni anapanda juu, anapunguza mwendo, anaangalia kama pua bado inashuka yenyewe, anarudi, tunaongeza vingine.

Likabaki jaribio la uchafu. Kapteni akapendekeza twende tukawatafute wadudu.

"Mwende wapi?" akauliza Mama Wakuru. Akaingia kwenye kikapu chake, akatoa chupa ya uji wa ulezi, akaunyunyizia bawa la mbele kwa mkono, ukingo wote, kama anapaka mtoto mafuta. Ukakaukia juani ukawa na chenga zilezile za wadudu. Kapteni akaruka na uji wake. Alipotua alikuwa anacheka peke yake. Pua haikuinama zaidi ya upana wa kidole. Mkaguzi alipouliza tulijaribu kwa kutumia nini, tulimwambia "mchanganyiko wa nafaka".

Baada ya hapo Mama Wakuru akasema atapanda. Kapteni alivaa shati la kazi la zamani, lile lenye mistari mabegani. Wakaenda mpaka Butiama, wakazunguka juu ya kwao, wakarudi. Mimi na Mzee Rashidi tulikuwa tunawasubiri kando ya uwanja, na nakumbuka nilikuwa nimeshika baraghashia yake bila kujua nimeichukua saa ngapi.

Mama Wakuru akashuka, akanyoosha kitenge. "Baba Wakuru," akasema, "ndege yako ni nzuri. Haina shida. Ila paa letu limeoza upande wote wa jikoni. Kwa chini halionekani."

Kapteni alikuwa juu ya paa hilo siku tatu. Lakini habari zikasambaa. Jirani mmoja akaja kuuliza kama na la kwake lilionekana. Mama Wakuru akasema hakuangalia, atamwangalizia Jumapili. Akaja mwingine. Akaja mwalimu mkuu kwa ajili ya madarasa. Sasa kila Jumapili baada ya ibada hali ya hewa ikiruhusu, Kapteni Wambura, aliyejenga ndege kwa mikono yake ili awe huru angani, anamwendesha mke wake juu ya Butiama huku akiambiwa, "Rudi pale tena, hukuinama vya kutosha."

Nilikwenda kuwasalimia Jumapili moja mwezi uliopita. Makochi yamerudi sebuleni, na ukuta umezibwa. Tulikuwa tumekaa kibarazani, wao wametoka kuruka muda si mrefu, Mama Wakuru anasaga, jirani akapita na baiskeli, akasimama.

"Mama Wakuru, shikamoo. Na paa langu je?"

"Marahaba. La kwako zima kabisa," akasema, bila kuinua uso. "Ila ng'ombe wako nimewaona kwenye mihogo ya Magesa."

Jirani akaiacha baiskeli palepale, akatoka mbio.